Uchaguzi wa Uganda wa Mwaka 1980

Tangu Aprili 1962, miezi michache kabla ya uhuru, wananchi wa Uganda hawakupata kulichagua Bunge lao hata Desemba 1980. Katika muda huo Milton Obote alipinduliwa mwaka 1971, na Idi Amin akatawala miaka minane, mpaka majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliotoka uhamishoni walipoutwaa mji wa Kampala Aprili 1979. Si ajabu basi kwamba watu waliungojea uchaguzi huo kwa hamu kubwa.

Walakini serikali zilizomfuata Amin hazikudumu. Yusuf Lule alitawala siku 68 tu. Godfrey Binaisa naye alipotaka kumwondoa Oyite-Ojok, mnadhimu mkuu wa jeshi, aliondolewa yeye, Mei 1980. Nchi ikashikwa na Tume ya Kijeshi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Paulo Muwanga na makamu wake Yoweri Museveni. Yafaa ikumbukwe kwamba Muwanga alikuwa mtu wa chama cha Obote, yaani UPC, na Museveni aliongoza chama kipya cha UPM. Chama cha DP, chini ya Paul Ssemogerere, hakikuwa na mtu wake katika Tume hiyo.

Viti vilivyogombewa vilikuwa 126, na 17 kati yake vilichukuliwa na UPC bila kupingwa. Kura zilipigwa Desemba 10 na 11. Habari za mwanzo zilipoenea kwamba DP imeshinda, watu walijitokeza Kampala kushangilia. Ndipo Muwanga alipotoa amri kwamba matokeo yote yapelekwe kwake kwanza, na asiyatangaze mtu mwingine awaye yote. Mwenye kuivunja amri hiyo angetozwa faini ya shilingi 500,000 au kufungwa miaka mitano, na mahakama hazikuruhusiwa kuingilia. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani.

Haukupita muda mrefu kazi ya kutangaza ikarudishwa kwa Tume ya Uchaguzi, nayo ikatangaza kwamba UPC imepata viti vingi, na UPM kiti kimoja tu. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliukubali uchaguzi huo, ingawa walizitaja kasoro zake. DP ililalamika, lakini wabunge wake waliingia Bungeni.

Wengi wamejiuliza ni nani aliyeshinda kwa haki. Lakini dhara la amri ile lilikwenda mbali zaidi ya kuwanyang'anya DP ushindi, kama walikuwa nao. Kwa kuyaficha matokeo, hata kwa muda mfupi, iliwanyima UPC nao njia ya kuuthibitisha ushindi wao, kama ulikuwa wa kweli. Tangu hapo Obote alitawala bila ya kuweza kumwonyesha mpinzani wake hesabu asiyoweza kuitilia shaka.

Februari 6, 1981, Museveni na wenzake wachache walishambulia kambi ya Kabamba, wakidai kwamba kura ziliibwa. Vita vilivyoanza siku hiyo viliteketeza Luwero na kuua maelfu ya raia. Obote alipinduliwa na majenerali wake Julai 1985, na Januari 1986 jeshi la Museveni likaingia Kampala. Mtu ambaye chama chake kilipata kiti kimoja kwa kura alitwaa nchi nzima kwa bunduki.