Setilaiti ya Uhuru na Shimo Jeusi la Kwanza

Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala kwake, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini kwa miguu ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani ambayo msimamizi wake, Bibi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa taadhima ya wenyeji. Jukwaa hilo lilikuwa la Waitalia, nao, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walikuwa wameichagua pwani hiyo kwa sababu iko jirani na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huiongezea kasi roketi ielekeayo mashariki.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchungua miale ya eksirei itokayo mbinguni, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini, na ambayo hapo kabla wanafalaki waliidiriki kwa dakika chache tu kila roketi ndogo ilipopanda na kuanguka. Ikijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi, iliipekua mbingu yote, hata orodha yake ya mwisho ikataja vyanzo 339.

Katika vyote hivyo, kilichowashughulisha sana Riccardo Giacconi, mwanafalaki aliyeongoza utafiti wa setilaiti hiyo, na wenzake ni Cygnus X-1, ambacho miale yake ilizidi na kupungua ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ishara bayana kwamba kitu chenyewe ni kidogo mno, kwani kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru huutumia kukivuka. Punde Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Canada, wakabaini kwamba nyota kubwa ya samawati iliyo mahali hapo huzungukana kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana, mzito kupita nyota yoyote iliyokufa ikabaki nyota. Ndivyo shimo jeusi, kitu ambacho mvuto wake hauachi hata nuru itoke, na ambalo hapo kabla lilikuwa hesabu ya karatasini tu, lilivyopata mahali pa kuonyeshwa kwa kidole. Na vipimo vya mwaka 2021 vyasema uzito wake ni kama mara 21 ya jua letu.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973, na Giacconi akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Basi walimu wa skuli zetu wasiifundishe falaki kana kwamba ni habari ya nchi za mbali: wawaonyeshe watoto Malindi kwenye ramani, wawaambie kwamba safari hiyo ilianzia hapo.