Opali: Kito, Jani na Tope la Mlimani

Neno opali limeshazoeleka kwa wauza vito, na kwao lina maana moja: jiwe la pete lenye weupe wa maziwa, ambalo ukiligeuzageuza kwenye mwanga hutoa kijani, mara rangi ya chungwa, mara nyekundu. Maana hiyo ni sahihi, ila ni finyu. Mkulima wa Embu au Meru anayekata nepia ya ng'ombe na kurudi na mikono iliyochanjwachanjwa amechanjwa na opali, na istilahi isiyomfikia mkulima huyo bado haijakamilika.

Opali ni silika iliyoshikamana na maji. Silika hii ni oksidi ya silikoni, kitu kilekile kinachofanya mchanga na kioo. Isichanganywe na silika ya mtu, yaani hulka aliyozaliwa nayo. Maji yanapopenya polepole katika majivu na miamba ya volkano huyeyusha silika kidogo kidogo, yakaichukua hadi kwenye nyufa na matundu. Humo silika hujikusanya katika vitufe vidogo mno, tabaka juu ya tabaka, na sehemu ya maji hunaswa ndani. Kwa kawaida maji hayo ni kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito wa jiwe. Atomu zake hazikujipanga kwa fuwele kama zilivyo katika kwatzi, ndiyo sababu wanajiolojia wengi hawaihesabu opali kuwa madini kamili.

Hapo ndipo zinapotoka sifa zake nyingine. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs opali hupata 5.5 hadi 6.5, na kwatzi 7. Kwa kuwa vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi, pete ya opali inayovaliwa shambani itakwaruzika. Na likikaushwa haraka, jiwe huweza kupasuka.

Rangi zake ndizo zilizowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Yakuti samawi inayochimbwa Garba Tula, upande wa Isiolo, ina buluu kwa sababu ya chembe za chuma na titani zilizomo ndani yake. Opali haihitaji metali yoyote ili kuwa na rangi. Mwaka 1964, watafiti wa Australia waliichunguza kwa hadubini ya elektroni wakaona kwamba katika jiwe lenye rangi, vitufe vya silika vina ukubwa sawa na vimepangika kwa safu. Mwanga ukipita katika safu hizo hutawanywa kwa rangi zake: vitufe vya takriban nanometa 150 huleta buluu, na vikikaribia nanometa 300 huleta nyekundu. Vitufe visipolingana, rangi hazionekani, na hiyo ndiyo hali ya opali nyingi duniani. Ukisaga kito cha bei kubwa utabaki na unga mweupe, kwa maana rangi ilikuwa katika mpangilio tu. Mimi naona huu ndio mvuto wake mkubwa, kwani hakuna mawe mawili yaliyopangika sawasawa.

Katika Afrika Mashariki, opali ya vito iliyovuma zaidi ni ya Wegel Tena, eneo la Wollo, Ethiopia, iliyogunduliwa mwaka 2008. Nyingi kati ya hizo hunywa maji: ukiitumbukiza kwenye bilauri huwa angavu, na rangi zake hufifia mpaka ikauke tena. Mnunuzi asiyelijua hilo hudhani ametapeliwa.

Opali ya Meru na Embu ninayotaka ijulikane ni nyingine. Udongo wa miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene umetokana na miamba ya volkano, na silika yake huyeyuka katika maji ya ardhini. Mizizi ya nepia, mahindi na migomba hufyonza silika hiyo, na mmea huigandisha ndani ya seli za majani kuwa opali halisi. Jani likioza, chembe hubaki udongoni kwa maelfu ya miaka zikiwa na umbo la seli zilizozizaa. Chembe za mgomba zina kishimo juu, mfano wa kasoko ya volkano, na wanaakiolojia huzitambua kwa hilo. Chembe za namna hiyo kutoka Munsa, Uganda, ndizo zilizozua mjadala mkali kuhusu wakati mgomba ulipoingia Afrika.

Huko juu, zaidi ya mita 4,000, viziwa vya Mlima Kenya vina diatomu, mwani wa seli moja unaojijengea ganda la opali. Maganda hutuama chini, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2001, jarida la Science lilichapisha utafiti uliosoma oksijeni katika maganda hayo kutoka viziwa viwili, Simba Tarn na Small Hall Tarn, na kupata kumbukumbu ya mvua na ukame ya miaka 14,000.

Neno lenyewe limetufikia kupitia Kilatini, opalus, ambalo wengi hulihusisha na upala la Kisanskriti, yaani jiwe. Kiswahili kilitohoe hivyo hivyo, opali, katika ngeli ya I-ZI. Kulitafsiri kwa neno "kito" au "johari" kunatufungia katika duka la sonara na kuacha shamba na ziwa nje. Kisha tuongeze vifafanuzi: opali ya thamani kwa ile yenye mmemeto wa rangi, opali ya kawaida kwa isiyo nao, opali ya mimea, na opali ya diatomu. Nawaomba walimu wa sayansi na wahariri wa kamusi wayatumie majina haya manne, na mfano wa kwanza darasani uwe jani la nepia.