Mchoraji Husikiliza Kwanza

Niliposema nitaandika historia ya wachoraji wa vitabu vya watoto, rafiki mmoja hapa Buyenzi aliniuliza kama nitaanza na Ufaransa au Ubelgiji. Hapana. Nitaanza na rangi ya baiskeli.

Karibu na mwaka 1968, huko Dar es Salaam, mtu mmoja mzaliwa wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora wanyama juu ya hadibodi, zile mbao nyembamba za dari. Alitumia rangi za mafuta zinazouzwa kwa kupaka baiskeli, juu ndizo alizoweza kununua. Chui, kiboko, ndege, na nyuma yao rangi moja tu. Picha aliziuza nje ya Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay, ambako Wazungu walikwenda kununua vyakula. Hakuishi sana. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania jambazi. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa wachache, akina Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Omari Amonde na Simon Mpata. Hao nao wakafundisha wengine, mpaka jina la mtu likawa jina la mtindo.

Sasa, tuseme ukweli. Picha nyingi za tingatinga zinafanana sana. Tembo yule yule, twiga yule yule, mlima ule ule wenye theluji. Mgeni anataka ile aliyoiona kwa jirani yake, na mchoraji anataka kula, basi anaichora tena mara mia. Siwalaumu. Lakini ndiyo sababu namheshimu sana mtu ambaye alichukua mtindo huo huo akaupeleka mahali pengine kabisa, ndani ya kitabu cha mtoto. Huyo ni John Kilaka.

Kilaka alizaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga, kusini-magharibi mwa Tanzania. (Watu husema jina la mji huo maana yake ni "tupa uchawi wako". Wakongo wenzangu wakisikia hivyo wanacheka, halafu wananyamaza.) Ukichukua ramani utaona kwamba mkoa wake, Rukwa, unagusa ziwa Tanganyika. Sisi wa Uvira, Baraka na Bujumbura tuko juu, wao wako chini, na maji ni hayo hayo. Hata samaki ni wale wale, ila hapa tunasema ndagala na wao wanasema dagaa. Kwa hiyo huyu si mtu wa mbali. Ni mtu wa ziwa letu, aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam na kuwa mchoraji huko.

Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha samaki. Kilitoka mwaka 2001, kwa Kijerumani, kupitia Baobab ya Basel, Uswisi, watu wanaotafuta vitabu vya watoto kutoka nchi za mbali na Ulaya. Ndani yake sokwe ni mvuvi anayepeleka samaki wabichi sokoni, na mbwa anamwibia. Kesi inapelekwa mbele ya wanyama wenzao. Kikaja kingine, cha panya na tembo. Tembo anamshawishi panya aweke mavuno yake kwake, halafu njaa inapoingia anamgeuka. Panya anaondoka zake. Kumbe ni yeye peke yake aliyejua kuwasha moto! Wanyama wote wanabaki bila moto, inabidi wamtafute. Mimi nikisoma hadithi hiyo siwezi kuacha kufikiria watu walioondoka kwao usiku, na ufundi ulioondoka pamoja nao: fundi seremala, mkunga, mwalimu wa hesabu. Kilaka hasemi jambo hilo popote. Anachora panya tu.

Cha tatu, cha mwaka 2009, ndicho watoto wetu wanakipenda zaidi. Kuna ukame, na mti mmoja umejaa matunda yaliyoiva lakini hayaanguki mpaka mtu aite jina la mti. Kobe mzee ndiye anayelijua. Wanyama wakubwa wanatumwa, na njiani wanalisahau. Anayelishika ni sungura mdogo.

Nataka kukaa hapa kidogo, juu watu wengi wanadhani kazi ya mchoraji wa kitabu ni kupamba. Picha ya ukutani inasimama peke yake. Picha ya kitabu ina jana na kesho. Kama sungura amevaa kitenge cha manjano ukurasa wa nne, mtoto atakitafuta ukurasa wa ishirini, na asipokikuta atasema huyu ni mwingine. Pia kitabu kinashonwa katikati, kwa hiyo ukichora uso wa kobe pale kwenye mshono, uso unamezwa. Na kurasa hazihesabiwi ovyo. Karatasi kubwa moja hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, ndiyo maana vitabu vingi vya watoto vina kurasa 24 au 32. Mchoraji anapaswa kujua mapema tembo atasimama wapi na njaa itaingia ukurasa gani.

Wanyama wa Kilaka wanasimama kwa miguu miwili na wanavaa nguo za rangi kali. Jumamosi moja mtoto mmoja katika kundi letu alishika ukurasa akapiga kelele: "Mwalimu, ona, huyu amevaa kitenge kama ya mama!" Hajawahi kusema hivyo kuhusu kitabu kingine chochote nilichomfungulia.

Lakini kabla ya rangi kuna sikio. Kilaka anasafiri vijijini kusikiliza wazee wanaosimulia, na yeye mwenyewe ni msimulizi. Hadithi inaingia kwanza kwa kusikia, halafu mkono unafuata. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa katika maisha yake.

Na hapa kuna uchungu. Nakala yetu ya kitabu cha mti ni ya Kiingereza. Hadithi ilisimuliwa Tanzania, ikaenda Uswisi, ikavaa Kijerumani, ikavaa Kiingereza, ikafika Bujumbura kwa mzigo wa mtu, na mimi nakaa uani Buyenzi kuivua tena niirudishe kwa Kiswahili, sentensi moja moja, mbele ya watoto ambao wangeisoma wenyewe. Anayelipia uchapaji ndiye anayechagua lugha ya kwanza, basi.

Wako waliojaribu kugeuza mambo. Tanzania, tangu 1991, kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto. Mchapishaji alipotoa kitabu kizuri cha Kiswahili, mradi ulinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa shuleni, kwa hiyo hakuogopa hasara na mchoraji alipata kazi. Jirani zetu wa Kigali walianzisha Editions Bakame mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, ili watoto wapate vitabu kwa Kinyarwanda. Bakame ni yule yule sungura mjanja, na mtoto wa Kirundi anakielewa kitabu hicho bila shida kubwa.

Hapa Burundi, mwaka 2014, kambi za Wakongo kama Kavumu zilipata maktaba ya kukunja ya Bibliothèques Sans Frontières, masanduku ya rangi yanayofunguliwa kwa dakika ishirini yakawa chumba cha vitabu na kompyuta. Lilikuwa jambo zuri, na sitaki nisikike kama mtu asiyeshukuru. Ila ninyi mnaofanya kazi katika mashirika, mkiagiza vitabu, fungueni kurasa tatu kabla ya kusaini karatasi. Vingi tunavyopewa sisi huku mjini vina watoto wanaocheza na theluji. Mtoto anavipenda, anageuza, anarudisha. Haulizi kitu.

Tangu mwezi wa tatu kundi letu linatengeneza kitabu cha mkono. Mzee mmoja wa Fizi anasimulia, mimi naandika, na binti wa miaka 13 anachora kwa kalamu za rangi kwenye karatasi zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi. Tuna kurasa 16. Wiki iliyopita kazi ilisimama saa nzima kwa sababu binti alimchora sungura na viatu vya michezo. Mzee akakataa kabisa. Akasema sungura aliyemjua yeye alikuwa anatembea miguu mitupu, kama watu wote wa kijiji. Binti akajibu kwa heshima, "Ndiyo babu, lakini huyu amekimbia mbali sana." Mzee akaangalia picha muda mrefu. Viatu vimebaki, ila amemwambia avipake vumbi.