Kutoka Englebert hadi Mazembe: Wachezaji wa Zamani Katika Kumbukumbu za Mashabiki wa Lubumbashi

Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi tumezoea kuwatuma wanafunzi wakakusanye ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Ni kazi njema, wala hatuna nia ya kuibeza. Lakini ipo hazina nyingine inayopita mbele ya macho yetu bila kuandikwa, nayo ni masimulizi ya mashabiki wa kandanda kuhusu wachezaji wao wa zamani. Katika makala haya tunaichungulia hazina hiyo kupitia klabu moja, TP Mazembe ya Lubumbashi. Tumeichagua kwa kuwa historia yake ni ndefu, na pia kwa kuwa wenyewe huisimulia kwa Kiswahili. Kiswahili cha Katanga, ambacho sisi tunaofundisha Kiswahili sanifu mbali na pwani hukitaja kwa haraka kwenye somo la lahaja, kisha tukaendelea na mengine.

Jambo la kwanza linalomkabili mtu anayewasikiliza wazee hao ni majina. Klabu ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri wa shirika la Wabenediktini, ikaitwa Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya Kibelgiji iliyoifadhili. Baada ya msimu wa 1966, uliojaa mafanikio, ikajiongezea sifa ya Kifaransa, Tout Puissant, na ndiyo hiyo “TP” ya leo. (Wanafunzi huulizwa watafsiri sifa hiyo, wakaandika “Mwenyezi”, darasa likaangua kicheko. Tafsiri si kosa, ila kwa Kiswahili neno hilo lina mwenyewe.) Ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1980, tayari ilikuwa TP Mazembe.

Mji nao haukubaki na jina lake. Elisabethville iligeuka Lubumbashi mwaka 1966, na nchi ikawa Zaire mwaka 1971. Mwaka uliofuata, kwa sera ya Rais Mobutu ya kurejea uhalisi wa Kiafrika, watu waliacha majina ya ubatizo. Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba, Pierre Kalala akawa Kalala Mukendi, Joseph Mwepu akawa Mwepu Ilunga. Kwa hiyo mzee anayesema “Englebert ya Pierre Kalala” na mdogo wake anayesema “Mazembe ya Mwepu Ilunga” wanaizungumzia klabu ileile. Msikilizaji makini huweza kukadiria umri wa msimulizi kwa jina analolitanguliza, kabla hajataja mwaka wowote.

Na wazee wa Englebert wana la kusimulia! Kati ya 1967 na 1970 klabu yao ilicheza fainali nne mfululizo za Klabu Bingwa Afrika. Ya kwanza ndiyo inayobishaniwa hadi leo. Walikutana na Asante Kotoko ya Ghana: 1-1 Kumasi, kisha 2-2 Kinshasa. Mshindi hakupatikana, ikaamuliwa wachezee mchezo wa tatu nchini Kamerun. Kotoko hawakutokea, kombe likaenda Kongo. Mghana atakuambia kwamba kombe lile halikupatikana uwanjani. Mtu wa Lubumbashi atakujibu kwamba asiyefika kwenye mchezo hana haki ya kulalamika. Mwaka 1968 hapakuwa na ubishi wa namna hiyo. Étoile Filante ya Lomé ilipigwa 5-0 katika mchezo wa kwanza, na ushindi wake wa 4-1 katika wa pili haukuisaidia. Englebert ikawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa wa Afrika. Mwaka 1969 Ismaily ya Misri iliwanyang'anya; na katika fainali ya 1970, iliyomalizika Kinshasa Januari 1971, Kotoko walirudi wakashinda 2-1 ugenini na kulitwaa kombe lililowaponyoka. Mzee mwaminifu huisimulia na hiyo. Tunakiri kwamba wengi huishia 1968.

Katika kikosi hicho Kalala ana mahali pake pa pekee. Tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa, timu ya taifa ya Kongo-Kinshasa ilicheza na Ghana fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Bao lilikuwa moja tu, nalo lilifungwa na Kalala. Ghana walikuwa miamba wa Afrika wakati ule, wametwaa kombe hilo mwaka 1963 na 1965. Tukumbuke pia kwamba miaka mitano tu nyuma yake Katanga ilikuwa imetoka katika vita vya kujitenga, vya 1960 hadi 1963. Mtoto wa mji uliotaka kuwa nchi nyingine ndiye aliyeipa Kongo nzima kombe lake la kwanza. Vitabu vya historia ya siasa havilitaji sana jambo hili, mashabiki hulitaja.

Kumbukumbu za kipa Kazadi zina ladha tofauti, tamu iliyochanganyika na uchungu. Alikuwemo katika kikosi cha 1968, akawemo tena Zaire ilipotwaa kombe la Afrika mjini Cairo mwaka 1974. Miezi michache baadaye alikuwa langoni katika Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Scotland walimfunga mara mbili tu. Kisha ikaja siku ya Yugoslavia, 18 Juni 1974. Walipofungwa bao la tatu mapema kipindi cha kwanza, Kazadi alitolewa, akaingia Tubilandu wa Vita Club ya Kinshasa. Mchezo ukaisha 9-0. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, mwenyewe raia wa Yugoslavia, na hilo peke yake lilitosha kuzaa uvumi usiokwisha. Kwa mashabiki wa Mazembe hesabu ni rahisi: matatu ni ya Kazadi, sita si yake. Kipa huyo alifariki mwaka 1996, lakini utetezi wake bado unaendelea.

Mwepu Ilunga naye hutetewa, na hapa tunadhani mashabiki wana haki kuliko walimwengu. Katika mchezo na Brazil, 22 Juni, Wabrazil walipokuwa wakijiandaa kupiga faulo, Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaubutua mpira mbali. Akaonyeshwa kadi ya njano, na kwa miaka mingi picha hiyo ilirushwa katika televisheni za Ulaya kama kichekesho: Mwafrika asiyejua kanuni. Huyu alikuwa beki wa mabingwa wa Afrika! Baadaye alieleza mwenyewe katika mahojiano kwamba kanuni alizijua vizuri. Kwamba wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha zao, na kwamba baada ya yale mabao tisa walitishwa na watu wa Mobutu. Alifariki mwaka 2015. Mwenzake katika ulinzi, Bwanga Tshimen, alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, heshima ambayo mabeki hawaipati kirahisi, ila nje ya Kongo jina lake halitajwi hata robo ya linavyotajwa lile tukio la faulo.

Yapo maswali ya kuuliza kuhusu utamu wa kumbukumbu hizi. Miaka ya Englebert ndiyo ile ile ambayo kampuni kubwa ya shaba ilikuwa ikilipa mishahara, ikitoa unga, nyumba na shule kwa wafanyakazi wake. Katika miaka ya tisini Gécamines ilianguka. Mzee anapomsifu Kalala, kwa hakika anasifu pia mwisho wa mwezi uliokuwa na maana. Hatusemi kwamba anadanganya. Tunasema kwamba mpira katika simulizi yake umebeba mzigo mwingine, na mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kuusikia. Aidha, asisahau kuvuka upande wa pili: Saint-Éloi Lupopo, klabu ya watu wa reli, nayo ilizaliwa mwaka 1939 mjini humo humo, na wazee wake wana orodha yao ya mashujaa ambayo haifanani hata kidogo na hii.

Vijana nao wameshaanza kuwa na zamani yao. Kombe la Afrika lilirudi Lubumbashi mwaka 2009 na 2010 chini ya kipa Muteba Kidiaba, yule aliyeshangilia mabao kwa kurukaruka huku ameketi. Desemba 2010 Mazembe waliwatoa Pachuca na Internacional, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, walikofungwa 3-0 na Inter Milan. Mshambuliaji wao mahiri, Trésor Mputu, hakuwepo; alikuwa amefungiwa na FIFA kwa vurugu za mashindano ya Kagame mjini Kigali. “Angekuwepo Mputu” ni sentensi inayofaa kabisa kwa somo la hali ya masharti, na huko hurudiwa bila mwalimu.

Kisha akaja Mbwana Samatta, aliyenunuliwa mwaka 2011 baada ya kuifungia Simba ya Dar es Salaam dhidi ya Mazembe hao hao. Katika fainali ya 2015 aliwafunga USM Alger nyumbani na ugenini, akatajwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza barani. Mtanzania huyo alikuta mji ambao “mpira” ni “mupira”, na maneno mengi ya uwanjani ni ya Kifaransa yaliyovaa viambishi vya Kiswahili.

Watu wa mji huo si wageni wa kujiandikia historia. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani wa zamani, aliandika kwa Kiswahili cha huko historia ya Elisabethville, na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990 kwa faida ya watafiti. Kwa nini basi yasiandikwe ya Englebert? Aliyekuwa na miaka ishirini Kalala alipofunga bao la Addis Ababa amekaribia themanini au ameshaivuka. Kwa wanafunzi watakaopata nafasi ya kufika huko, ushauri wetu ni mfupi: nendeni Kamalondo, ulipo uwanja wa Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011, mkiwa na kinasa sauti, msisahihishe sarufi ya mzee, na msianze na mwaka 1967, kwani jioni nzima itaishia Kamerun.