Daftari la Kereng'ende

Karibu visiwa vyote vya Maldivi havina maji matamu yaliyotuama juu ya ardhi. Ni visiwa vya matumbawe, vya chini na tambarare, na mvua inayovinyeshea hunywewa na mchanga mara moja. Hata hivyo kila mwaka, Oktoba inapofika, anga ya mji wa Malé hujaa kereng'ende. Huzunguka juu ya mapaa na viwanja, hukaa siku chache, kisha huondoka, na nafasi yao hushikwa na wengine. Kwa anayejua maisha ya mdudu huyu, hilo si jambo dogo. Kereng'ende hutaga mayai katika maji matamu, na watoto wake hukulia humo hadi waote mabawa. Basi hawa wa Malé hawakuzaliwa Malé, na nchi kavu iliyo karibu, yaani kusini ya India, iko mamia ya kilomita ng'ambo ya bahari.

Wenyeji waliwajua wageni hawa tangu zamani, na walifungamanisha kuja kwao na kugeuka kwa majira. Wamaldivi wana kalenda iliyoukata mwaka mafungu 27, kila fungu siku 13 au 14, nayo huwaongoza katika uvuvi, kilimo na safari. Msomaji wa pwani yetu hataiona ngeni, kwani wazee wa huku nao waliuhesabu mwaka wao kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, kwa ajili ya mambo hayo hayo. Hata Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa, alifika Maldivi katika miaka ya 1340 akafanywa kadhi huko. Bahari ni moja, na pepo zake ni zile zile.

Lakini kujua ni jambo moja, na kuandika tarehe ni jambo jingine. Charles Anderson, Mwingereza aliyehamia Maldivi mwaka 1983, alikuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini. Riziki yake ilitoka kwa samaki. Katika elimu ya wadudu alikuwa mtu wa kando. Aliwaona kereng'ende mwaka baada ya mwaka, likamkera swali la asili yao, na mwaka 1996 akaanza kuweka kumbukumbu: siku ya kwanza walipoonekana, wingi wao, na upepo ulivyokuwa.

Ada hiyo ina nasaba ndefu. Huko Norfolk, Uingereza, bwana mmoja mwenye shamba, Robert Marsham, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira: mbayuwayu wa kwanza, kipepeo wa manjano wa kwanza, mti upi umechipua lini. Dalili zake zilikuwa 27 (idadi iliyosadifu kuwa sawa na mafungu ya Wamaldivi), na jamaa zake waliziandika kizazi hadi kizazi mpaka mwaka 1958. Marsham hakujua kwamba siku moja wataalamu wangezisoma ili kupima jinsi joto linavyosogeza majira. Na hapa kwetu, katika milima ya Usambara, C. B. Williams alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani mwishoni mwa miaka ya 1920. Huyu alikuwa mwanasayansi wa wadudu kwa kazi, lakini kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu kuhama kwa vipepeo kisingalikamilika bila ya watu wa kawaida walioona kundi likipita wakaandika siku, saa na mwelekeo. Hakuna mtaalamu awezaye kusimama mahali pote kwa wakati mmoja.

Anderson aliunganisha tarehe zake na taarifa za watu wa mahali pengine, na mpango ukajitokeza wenyewe. Kereng'ende huonekana kwanza kusini ya India, kisha Malé Oktoba, kisha visiwa vya kusini ya Maldivi. Novemba huwa wamefika kaskazini ya Shelisheli, na Disemba wako Aldabra, ambako aliyesimama hana tena njia ndefu kufika Afrika.

Palikuwa na fundo moja. Mwezi wa Oktoba upepo unaovuma juu ya maji ya Malé kwa kawaida hutoka magharibi. Yawezekanaje mdudu mwenye uzito wa sehemu ya gramu aje kutoka India kwa kuukabili? Jibu la Anderson ni la kumfurahisha nahodha yeyote: upepo wa chini si upepo wa juu. Katika kimo cha zaidi ya mita 1,000, nyuma ya ule ukanda wa mvua ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, kaskazi huwa imekwisha kuanza, nayo ndiyo inayowabeba. Kwa maneno mengine, kereng'ende hupanda kaskazi kabla tanga lolote halijaipata.

Ukanda ule unaposhuka kusini huleta mvua Afrika ya Mashariki, na mvua huleta madimbwi. Kereng'ende huyu, ambaye wataalamu humwita Pantala flavescens, hukua upesi mno. Yai laweza kuwa mdudu mwenye mabawa kabla dimbwi halijakauka. Kusi inaposhika, vizazi vilivyozaliwa huku hurudi India. Anderson alikadiria mzunguko mzima kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, unaochukua vizazi vinne. Aliona pia kwamba ndege kadhaa walao wadudu huvuka bahari hiyo katika miezi hiyo hiyo, miongoni mwao keremkerem na kozi wa Amur, na huenda chakula chao cha safari ni hao kereng'ende. Waswahili nao, kwa sababu zao, wamewapa jina hilo la kereng'ende mdudu huyu na ndege mmoja wa jamii ya kwale, ingawa kwale si msafiri.

Makala yake yalitoka mwaka 2009. Ushahidi wake ulikuwa wa kuunganisha dalili, na mwenyewe hakuuficha. Mwaka 2012 watafiti walipima haidrojeni katika mabawa ya kereng'ende waliokamatwa Maldivi, kwani mabawa huhifadhi alama ya maji alimokulia mdudu. Wakakuta wengi walitoka India ya kaskazini au mbali zaidi. Mwaka 2021 watafiti wengine walipiga hesabu ya mafuta ya mwili na pepo, wakaona kwamba safari yawezekana, lakini kwa mabawa peke yake mdudu hafiki. Lazima apate upepo mwema, na siku nyingi upepo huo haupo. Wanaoanza safari siku isiyofaa huishia baharini.

Kereng'ende ni mwepesi mno kubeba chombo cha kufuatiliwa toka India mpaka Afrika. Kwa hiyo njia hii bado hutegemea sana macho ya watu na tarehe zao, katika pwani zote mbili. Anayekwenda India na kusi ni mdudu wa dimbwi la bara, ambaye hajapata kuiona bahari mpaka siku anayoivuka.