Mshororo wa Tisa: Soneti ya Keats kwa Mto Naili

Tarehe 4 Februari 1818, mjini London, washairi watatu wa Kiingereza walishindana kutunga: kila mmoja aandike soneti juu ya Mto Naili kwa muda wa robo saa. Nao ni John Keats, Percy Bysshe Shelley na Leigh Hunt. Keats na Shelley walimaliza kwa wakati, Hunt alichelewa. Mchezo huo si mgeni kwetu. Zama hizo hizo Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa, akijibizana na wenzake kwa mashairi.

Nitaitazama soneti ya Keats. Alikuwa na umri wa miaka 22, wala hakupata kuuona mto huo hadi alipofariki mwaka 1821. Mishororo yake 14 imegawanyika mafungu mawili. Minane ya kwanza ina vina viwili tu. Sita ya mwisho ina vina viwili vingine vinavyopokezana. Katika fungu la kwanza mshairi anausemesha mto kama mtu mwenye nasaba na cheo. Anautaja kuwa mlezi wa mataifa ya watu weusi, kisha anautilia shaka: mbona tunausifu kwa rutuba, ilhali akilini mwetu tunaona jangwa?

Mshororo wa tisa ndio bawaba ya shairi. Hapo mshairi anazikana dhana zake mwenyewe. Jangwa lile, asema, halimo mtoni. Limo katika ujinga wetu, unaodhani kuwa kila kilicho nje ya upeo wake ni ukame. Tangu hapo Naili unapata matete, visiwa vya kijani, mapambazuko, na furaha ya kuikimbilia bahari.

Kwa miaka mingi nilifundisha soneti hii katika chuo cha ualimu kwa ajili ya umbo lake tu. Siku moja mwanachuo aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria akauliza: "Mwalimu, katika mishororo sita ya mwisho, watu wamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nililisoma shairi upya, nikaona amesema kweli. Mataifa yaliyotajwa mwanzoni hayarudi tena. Hata matete yanasifiwa kwa kufanana na ya mito ya Uingereza. Mshairi aliufukuza ujinga kwa kulipanda jangwa majani, akasahau kuwarudisha wenyeji.

Miaka 40 baada ya soneti hiyo, mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa hilo, mahali ilipo Mwanza ya leo. Alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani hadi India, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Wenyeji walikwishaliita nyanza; Speke akalipa jina la malkia wake.

Simlaumu Keats. Kwa robo saa aliweza kujikosoa ndani ya shairi lake, jambo ambalo wengi waliozuru huku baadaye hawakulifanya katika vitabu vizima. Lakini tangu siku ile sijaisoma tena mishororo ile sita bila kuwatafuta watu, na nawaomba watunzi wenzangu wawatafute pia kila watungapo juu ya nchi wasiyoijua.