Vitu Hupotea Siku ya Kuhama

Kama umewahi kuhama nyumba Nairobi, unajua sufuria haipotei mkiwa mmekaa. Hupotea siku ya kuhama. Mafaili ni vivyo hivyo, na historia inaonyesha si mimi na wewe tu.

Turudi 1956. IBM walitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski. Kabati lake lilikuwa na uzito wa karibu tani moja na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24. Zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Yaani picha moja ya simu yako ingeweza kukosa nafasi! Leo terabaiti nzima inaingia mfukoni, na tumeamini shida iliisha.

Haikuisha. 1998, pale Pixar, mtu aliandika amri moja ya kufuta na wahusika wa Toy Story 2 wakaanza kutoweka. Wakakimbilia nakala ya akiba, kumbe nayo ilikuwa mbovu na hakuna aliyekuwa ameangalia. Aliyewaokoa ni Galyn Susman. Alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na kopi. Wakaifunga blanketi kama mtoto, wakairudisha ofisini kwa gari.

MySpace hawakuwa na bahati hiyo. 2019 walikiri kwamba muziki uliowekwa kwao kutoka 2003 hadi 2015 ulipotea wakihamisha data kwenda seva mpya. Hakuna mwizi, hakuna moto. Ni kuhama tu. Baadaye zilipatikana nyimbo kama 490,000, kwa sababu watafiti fulani walikuwa wamezikopi zamani.

Umeona hiyo kitu? Mara zote mbili, kilichookoa mambo si mashine mpya. Ni kopi iliyokuwa kwa mtu mwingine.

Mimi nilijifunza vibaya. Nilihamisha mafaili ya kompyuta ya marehemu babangu hadi diski mpya. Nikaona folda zote ziko, nikafuta ile ya zamani, nikampa binamu yangu. Miezi mitatu baadaye nikafungua folda ya video. Hakuna hata moja iliyocheza.

Kwa hivyo, skiza. Usikate, kopi. Ukimaliza, fungua mafaili yenyewe, usitosheke na kuona majina. Kaa na diski ya zamani angalau mwezi mmoja. Halafu vile vitu huwezi kupata tena, mpe mtu mwingine akuwekee.

Mimi niliokolewa na shangazi. Kwa simu yake kulikuwa na video moja niliyomtumia WhatsApp kitambo. Picha imejaa ukungu, lakini sauti iko, na Baba ananiita jina.

Na wewe, kopi yako iko kwa nani?